Kuotesha Mnazi kwa Mbegu: Kuanzia Mti Mama hadi Karara la Kwanza

Mnazi huzaliwa kwa nazi tu. Mgomba hutoa machipukizi, muhogo hupandwa kwa kipande cha shina, mwembe hubebeshwa, na mkulima wa tende kule Oman hung'oa chipukizi shinani mwa mtende anaoupenda akapata mwingine wa sura ileile. Mnazi hauna hata moja ya hayo. Una moyo mmoja kileleni, na moyo huo ukikatwa mti umekwisha. Kwa mkulima wa Lamu, Kilifi, Tanga, Mtwara, Unguja, Pemba au Mafia, mbegu ni nazi nzima yenye makumbi yake, yaani lile ganda nene la nyuzi.

Ndiyo maana naisisitiza sana hatua ambayo wengi huipita mbio, yaani kuchagua. Mnazi mrefu hukaa shambani miaka 60 na zaidi. Aliyekosea mbegu ya mahindi hurekebisha msimu ujao, lakini aliyekosea mbegu ya mnazi hujua baada ya miaka saba, na wajukuu wake wataendelea kuukwea mti uleule usiozaa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mti mama na kwenye kuchuja miche. Huko ndiko mavuno yanakoamuliwa.

Mrefu, kitamli au chotara?

Minazi mirefu ya kwetu, ambayo watafiti huiita mirefu ya Afrika Mashariki, huanza kuzaa ikiwa na miaka 6 hadi 8. Nazi zake zina nyama nene na tui zito, mbata yake, yaani nazi iliyokaushwa, ni nzuri, na shina likizeeka hupasuliwa mbao. Minazi mifupi, wengi tunaiita vitamli, huanza kuzaa ikiwa na miaka 3 au 4. Inafaa kwa madafu, huanguliwa bila mkwezi miaka mingi, lakini haiishi muda mrefu kama mirefu na kiangazi kikali huiumiza mapema.

Aina hizi mbili hutofautiana katika jambo kubwa zaidi kwa mwotesha mbegu. Kwenye karara la mnazi mrefu, yaani shada la maua na ala yake, maua ya kiume humaliza kumwaga chavua kabla maua ya kike hayajawa tayari kuipokea. Chavua inayozalisha nazi hutoka kwa jirani, kwa upepo na kwa nyuki. Kwa hiyo nazi ya mnazi mrefu ina mama unayemwona na baba usiyemjua. Kwa vitamli, nyakati hizo mbili hukutana, mti hujizalisha wenyewe, na watoto hufanana sana na mama yao. Ukipata kitamli chenye dafu tamu, panda nazi zake bila wasiwasi mwingi. Ukipata mnazi mrefu unaozaa sana, angalia na majirani zake kabla hujashusha nazi.

Chotara, yaani kitamli kilichovushwa kwa makusudi na mnazi mrefu, huzaa mapema na huzaa sana. Tatizo ni kwamba mbegu zake hazirudii sura ya mzazi. Watoto hutawanyika, mmoja mfupi, mwingine mrefu, wengi hawana nguvu ya mama yao. Usiokote nazi chini ya chotara ukaziita mbegu. Ukitaka chotara, nunua miche kwenye taasisi inayovusha yenyewe, na kabla ya kununua zungumza na watafiti wa zao hili, kama wale wa TARI Mikocheni jijini Dar es Salaam au KALRO Mtwapa, kaunti ya Kilifi, ambazo ni taasisi za utafiti wa kilimo za Tanzania na Kenya.

Mnazi unataka joto, mvua ya kutosha mwaka mzima au maji ya chini yaliyo karibu, na udongo usiotuamisha maji. Juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari huanza kusuasua. Anayeishi Nairobi au Arusha anaweza kuuona ukiota kwa sababu nazi ina chakula chake yenyewe, lakini baridi itauzuia usikue inavyopasa.

Kumtafuta mama

Usianze sokoni. Nazi ya sokoni imekwisha fuliwa, hujui imetoka mti gani, na bila makumbi hukauka haraka. Anza kwa kuzunguka mashambani ukiwa na chaki au rangi ya kutia alama, na zungumza na wakwezi. Mkwezi hupanda miti ileile mwaka baada ya mwaka, anajua upi humpa kazi na upi humchosha bure. Taarifa yake ni bora kuliko kuangalia mti siku moja.

Mti mama mzuri uwe umekwisha tulia katika uzazi, miaka 20 na kuendelea kwa mnazi mrefu, na usiwe umezeeka hadi kilele kimepungua. Shina liwe limenyooka, na alama za makuti yaliyoanguka ziwe zimekaribiana, maana alama zilizoachana huonyesha kuwa mti ulikimbilia urefu. Kilele kiwe cha mviringo chenye makuti 30 au zaidi, vikonyo vya makuti viwe vifupi na vyenye nguvu. Ukiwa chini, tazama makole, yaani vishada vya nazi: mnazi wenye afya hutoa karibu kole moja kila mwezi, kwa hiyo unapaswa kuona nazi za kila umri, kuanzia vidaka, vitale, madafu na makoroma hadi nazi zilizokomaa, kwa wakati mmoja. Makole yawe yamekaa juu ya makuti na kushikiliwa nayo. Kole linaloning'inia kwa kikonyo kirefu chembamba huvunjika. Mti unaotoa nazi 80 au zaidi kwa mwaka bila kumwagiliwa ni mama wa kuheshimu.

Kuna mti mmoja unaodanganya karibu kila mtu, nao ni ule ulio nyuma ya jiko au kando ya zizi la ng'ombe. Unazaa hadi unashangaza, kwa sababu unakunywa maji ya kuoshea vyombo na kula majivu na samadi kila siku. Nazi zake hazirithishi samadi. Chagua mti unaozaa vizuri katikati ya shamba la kawaida, penye udongo uleule unaoliwa na wenzake wote. Ukizaa zaidi ya majirani zake hapo, kuna uwezekano mkubwa kwamba nguvu hiyo iko katika damu yake.

Majirani nao wahesabike. Mama mzuri aliyezungukwa na minazi hovyo atazalishwa na baba hovyo. Tafuta eneo la shamba ambalo minazi mingi ni mizuri, kisha uchague iliyo bora humo ndani.

Tanzania Bara, tofauti na visiwani, kuna jambo la kuogopa kuliko yote. Ukanda wa pwani ya Tanzania umepoteza minazi mingi kwa ugonjwa unaosababishwa na fitoplasma, vimelea vidogo vinavyoishi ndani ya mishipa ya mti. Nazi hupukutika zikiwa changa, karara jipya hutoka limeungua na kuwa jeusi, makuti hugeuka manjano, mwishowe kilele kizima huanguka na kubaki shina kama nguzo. Ugonjwa huu hauna dawa. Tangu mradi wa taifa wa kuendeleza minazi ulipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Tanzania wamepanda aina za kienyeji na za kutoka nje katika maeneo yenye ugonjwa ili kuona zipi zitabaki. Nyingi za kutoka nje ziliteketea, na uvumilivu ukaonekana kwa baadhi ya minazi mirefu ya kienyeji. Hili linakupa kanuni mbili. Usisafirishe nazi za mbegu wala miche kutoka eneo lenye ugonjwa kwenda eneo safi, hata kama ni zawadi ya shangazi. Na kama wewe mwenyewe unaishi kwenye eneo lililoshambuliwa, tafuta mbegu kwenye minazi ya hapohapo iliyobaki na afya kwa miaka mingi huku wenzake wakifa. Minazi hiyo ni hazina.

Kuangua na kuweka

Nazi huchukua takriban miezi 11 hadi 12 tangu ua kuchavushwa hadi kukomaa. Nazi ya mbegu iwe imefika hapo: ganda la nje limeanza kubadilika na kuwa kahawia, na ukiitikisa sikioni unasikia maji yakichezacheza. Koroma halifai. Linaweza kuota, lakini mche wake huwa dhaifu. Nazi isiyolia maji, nyepesi mkononi, yenye ufa au iliyotobolewa na panya, peleka jikoni au tupa.

Mnazi ukiwa mrefu na ardhi ni ngumu, usikubali nazi za mbegu zitupwe chini. Mwambie mkwezi afunge kole kwa kamba alishushe taratibu, umlipe kwa muda wa ziada. Kifuu kikipata ufa mdogo usioonekana, maji huvuja, ukungu huingia, na nazi huozea kwenye tuta bila wewe kujua sababu.

Nazi ya mbegu haihifadhiki kama mahindi. Ndani yake kuna kiini hai kinachoendelea na safari, na kikikauka kinakufa. Nazi za minazi mirefu ziweke kivulini penye hewa kwa wiki tatu au nne hadi makumbi yakauke, kisha zilazwe. Za vitamli zisikae zaidi ya wiki mbili, kwa sababu huota haraka sana. Nimeona nyingi zikichipua kwenye lundo kabla hazijafika kwenye tuta. Usizianike juani.

Hesabu yako iwe hivi: ukitaka miche 100 ya kupanda, tayarisha nazi 200. Karibu theluthi haitaota, na katika zilizoota utatupa nyingine nyingi. Anayeotesha 110 kwa ajili ya mashimo 100 atalazimika kupanda dhaifu.

Kalenda ipange kwa kurudi nyuma kutoka mvua. Mche unapaswa kuingia shambani masika yanapoanza, Machi au Aprili, ukiwa na umri wa miezi 8 hadi 12 tangu kulazwa. Kwa mnazi mrefu, laza nazi Aprili hadi Juni ya mwaka uliotangulia. Mvua zitakusaidia kumwagilia. Vitamli vinaweza kusubiri hadi Julai.

Tuta la kuoteshea

Chagua mahali karibu na maji, pasipotuama maji, penye kivuli chepesi. Chini ya minazi mikubwa panafaa kabisa. Inua tuta sentimita 20 hivi, upana wa mita moja na nusu usizidi ili ufike katikati bila kukanyaga, na udongo uwe kichanga kilicholegea. Samadi haihitajiki hapa, na ile ambayo haijaoza huleta mchwa na funza wa chonga, mbawakawa anayetoboa minazi.

1. Loweka nazi kwenye maji siku chache kabla ya kulaza. Pipa, diaba la zamani au kidimbwi vinatosha. Zitaelea, kwa hiyo zigandamize kwa mbao na mawe.

2. Iache nazi itulie sakafuni yenyewe. Itajilaza kwa upande wake bapa, na upande uliotuna utabaki juu. Karibu na pale kikonyo kilipokuwa, kwenye upande huo wa juu, kata kwa panga kipande cha makumbi chenye upana wa sentimita 5 hadi 8. Usifike kwenye kifuu. Mkato huu huingiza maji na kumrahisishia chipukizi njia ya kutokea, maana macho matatu ya nazi yako upande wa kikonyo, na moja tu kati yake ni laini.

3. Chimba mfereji kwenye tuta, laza nazi kwa mkao uleule, zikikaribiana karibu kugusana, mikato yote ielekee upande mmoja. Fukia theluthi mbili, theluthi moja ibaki wazi.

4. Tandaza makuti makavu au nyasi nyepesi juu, kisha mwagilia hadi maji yaingie kwenye makumbi.

Kipimo cha maji ni kidole chako. Bonyeza makumbi kwa dole gumba. Yakitoa unyevunyevu, acha. Yakiwa makavu, mwagilia. Kiangazi hii ina maana mara mbili au tatu kwa juma. Makumbi yakilowa kama sifongo muda wote, nazi itaoza.

Mchwa ndio adui wa tuta. Nyunyiza majivu kuzunguka na katikati ya mistari, ondoa vipande vya mbao vilivyooza, na kagua kila wiki.

Kinachotokea usichokiona

Wiki nyingi hutapata dalili yoyote, na hapa watu hukata tamaa au huanza kufukua. Usifukue. Chini ya lile jicho laini kuna kiini kidogo cha ukubwa wa punje ya karanga. Kinapoamka, upande mmoja hutoka nje kupitia jichoni na kutengeneza chipukizi na mizizi ndani ya makumbi. Upande mwingine hukua kuelekea ndani na kuwa joya, lile bonge jeupe laini, tamu, ambalo watoto wa pwani hulipenda kuliko nazi yenyewe. Joya hunywa maji na kumeng'enya nyama ya nazi kidogo kidogo, kisha hulisha mche. Baada ya miezi kadhaa hujaza kifuu chote.

Kwa sababu hiyo nazi haitengwi na mche. Chakula kilichomo humtosha mtoto karibu mwaka mzima, hata baada ya kuanza kuwa na mizizi yake. Mwuzaji anayekuonyesha mche ulioachana na nazi yake anakuuzia mti wenye njaa.

Vitamli huanza kuonyesha ncha baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Minazi mirefu huchukua miezi miwili na nusu hadi mitano. Kinachoonekana kwanza ni ncha nyeupe iliyochongoka, mfano wa mdomo wa ndege.

Kuchuja: moyo wa kazi yote

Weka daftari. Kila wiki nazi zinapochipua, tia alama ya rangi kwa wiki ile. Zilizoota mapema zina uhusiano wa karibu na minazi inayozaa mapema na kuzaa vizuri. Huu ni ushahidi mkubwa unaoupata bila gharama, na haurudi ukishapita. Wiki mbili au tatu za mwanzo za wingi wa kuota ndizo zenye watoto bora. Ukishapata karibu theluthi mbili ya nazi zote, funga hesabu. Zitakazochipua baadaye usizipe nafasi hata kama umezihurumia. Kwa mnazi mrefu, nazi isiyoota ndani ya miezi mitano itoe kwenye tuta. Kwa kitamli, miezi mitatu hadi minne inatosha.

Chipukizi jeupe kabisa lisilo na kijani litakufa chakula cha nazi kikiisha. Nazi inayotoa machipukizi mawili au matatu ni ya kufurahisha kuitazama, ila haifai kwa shamba. Mche uliopinda, wenye majani membamba kama ya nyasi au yaliyokunjamana, pasua ule joya lake.

Kama mama ni kitamli cha manjano au cha rangi ya chungwa, tazama rangi ya kikonyo cha mche. Watoto halisi hubeba rangi hiyohiyo ya manjano au chungwa. Atakayetoka na kikonyo cha kijani au kahawia amevushwa na mnazi mwingine, mara nyingi mrefu. Huyo si lazima umtupe, anaweza kuwa chotara mwenye nguvu. Mweke kando, mtie alama, na mpe nafasi ya mnazi mrefu shambani.

Uchujaji wa pili unafanyika miche ikiwa na miezi minane au tisa, kabla ya kwenda shambani. Shika shina pale linapotokea kwenye nazi: linene, lijae mkononi, mzunguko wa sentimita 10 au zaidi. Hesabu majani: sita hadi manane. Angalia kama majani yameanza kuchanika kuwa vijani vidogo vidogo kama kuti la mkubwa. Majani ya kwanza ya mnazi huwa mapana yasiyochanika, na mche unaochanika mapema kuliko wenzake una nguvu. Urefu usikudanganye. Mche mrefu mwembamba mara nyingi ulikuwa unatafuta jua kwenye msongamano. Naupendelea mfupi mnene kila siku.

Viriba au kitalu cha chini

Chipukizi likifikia sentimita chache, lihamishe. Viriba vikubwa vya plastiki, sentimita 40 kwa 40, vyenye matundu chini, hugharimu zaidi lakini mche huingia shambani bila mzizi kukatwa. Asiye navyo atumie mifuko ya saruji au ndoo kuukuu zilizotobolewa. Jaza nusu kwa udongo wa juu uliochanganywa na mboji iliyooza na mchanga, weka nazi chipukizi likitazama juu, kisha jaza hadi nazi ifunikwe kidogo. Shingo ya mche, pale jani linapoachana na nazi, ibaki juu ya udongo.

Kwenye kitalu cha chini, panda kwa nafasi ya sentimita 60 kila upande. Wakati wa kuhamisha chimbua na bonge la udongo na upande siku hiyohiyo, usivute kwa majani.

Kivuli kipunguzwe polepole. Miche iliyofunikwa sana hupata madoa ya kahawia kwenye majani, na hushtuka ikipigwa na jua la shambani. Mwezi wa mwisho ikae kwenye jua kamili.

Shimo

Kwa minazi mirefu acha mita 9 kati ya mti na mti. Kwa mpango wa mraba utapata miti kama 50 kwa ekari. Kwa pembetatu, 57. Vitamli vinatosheka na mita 7.5, yaani takriban 70 kwa ekari. Najua mkulima mwenye ekari moja huona nafasi hiyo ni hasara. Panda muhogo, kunde, mananasi au migomba katikati miaka ya mwanzo, ila duara la mita mbili kuzunguka mche liwe safi. Minazi iliyobanana hurefuka kutafuta mwanga na kuzaa kidogo maisha yake yote.

Chimba shimo mwezi mmoja kabla ya mvua. Sentimita 60 kila upande zinatosha kwenye kichanga laini. Kwenye udongo mgumu au wa mawe ya matumbawe, fika 90. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Panga chini tabaka mbili za makumbi, upande wa ndani ukitazama juu ili yashike maji. Makumbi yana potasiamu nyingi, kirutubisho ambacho mnazi hukitumia kuliko vyote. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa na makopo machache ya majivu ya kuni.

Mche uingie chini kidogo ya usawa wa ardhi, kwenye kichanga hata sentimita 30 chini, ili shina litakaponenepa liwe limejengeka ndani ya udongo na lisiyumbe kwa upepo wa kusi. Funika nazi, shindilia kwa miguu pembeni, na uache beseni. Beseni hilo utalijaza mwaka hadi mwaka kadiri shingo inavyopanda. Mvua kubwa ikisomba udongo ukaingia kwenye makwapa ya majani ya mche hadi moyoni, ondoa mara moja, kwani moyo huoza.

Miaka mitatu ya hatari

Mbuzi mmoja anaweza kumaliza kazi ya mwaka kwa asubuhi moja, kwa hiyo uzio uje kabla ya mche. Kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia ndoo moja kwa kila mche kila baada ya siku tatu au nne, na tandaza makumbi kuzunguka shina bila kuligusa. Kila mvua zinapoanza weka samadi na majivu kwenye duara, yachimbie juujuu.

Chonga, mbawakawa mweusi mwenye pembe, ndiye muuaji mkubwa wa minazi michanga pwani yetu. Huruka usiku, hutoboa kuelekea moyoni na kutafuna jani kabla halijafunguka. Jani hilo likifunguka baadaye utaliona limekatwa kama kwa mkasi, kwa umbo la herufi V. Ukiona mabaki ya nyuzi zilizotafunwa kwenye kwapa la jani, yumo ndani. Mtoe kwa waya mgumu uliopindwa ncha, kisha jaza tundu na makwapa ya juu kwa mchanga uliochanganywa na majivu, ukiacha moyo wenyewe wazi. India hutumia vipande vya nyavu za kuvulia vilivyokwisha, huvisokota kwenye makwapa na chonga hunaswa miguu. Kwetu nyavu kuukuu zimejaa kila bandari, sijui kwa nini hatufanyi hivyo zaidi.

Hata hivyo kumvua mmoja mmoja hakutoshi kama unamfugia watoto. Funza wake hukua kwenye magogo ya minazi yanayooza na kwenye malundo ya samadi na mboji. Gogo lililoanguka lipasuliwe mbao, lichanwe kuni au lichomwe. Lundo la samadi ligeuzwe mara kwa mara, funza wapewe kuku.

Wale sisimizi wekundu wa maji moto wanaosuka viota vya majani, waache. Wanauma, wakwezi hawawapendi, lakini huwafukuza wadudu wanaofyonza vidaka na kuvifanya vidondoke, na mnazi wenye maji moto wengi mara nyingi hubaki na nazi nyingi zaidi.

Karara la kwanza

Kitamli kinaweza kuonyesha karara katika mwaka wa tatu, mnazi mrefu katika wa sita au wa saba, mapema zaidi ukitunzwa vizuri. Ala ngumu hupasuka yenyewe na upunga, yaani shada lenyewe la maua, hutoka. Usiisaidie kwa kisu. Makarara ya mwanzo mara nyingi huwa na maua ya kiume tu, au hutoa vidaka vichache vinavyodondoka vyote. Mti huo haujarogwa wala hauna ugonjwa, mradi upunga ni wa manjano safi na makuti ni mabichi. Endelea na maji, majivu na samadi. Makole ya kushika nazi huja baada ya makarara kadhaa. Upunga ukitoka mweusi na makuti ya chini yakianza kugeuka manjano kwa pamoja, mwite bwana shamba wiki hiyohiyo, na nazi za shamba hilo zisitoke kwenda kuoteshwa kwingine hadi ajue ni nini.